Siku Jenereta Haikuzimika

Adhiambo nyathina, mwanangu,

Mama yako mdogo ameshakuambia habari ya neti, ya kuchemsha maji, na ya kutoiweka simu kwa mfuko wa nyuma. Sitarudia. Anayajua hayo kuliko mimi, na tena nikianzia hapo nitajificha hapo hapo mpaka karatasi iishe. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu mchana kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Utashangaa kwa nini naandika na wewe uko hapo chumba cha pili unakunja nguo. Ni kwa sababu kwa mikono nimeshindwa. Mtu akisema kwa mdomo anaweza kuangalia chini, akachezea kifungo cha shati, akamaliza. Akisema kwa mikono lazima akupe uso, na uso wangu unanisaliti. Jumatatu nilikuita. Ukaja, ukafuta mikono kwa leso, ukasimama mbele yangu. Nikakuuliza kama ng'ombe amekunywa maji. Ukaniambia ng'ombe tulimuuza mwezi jana. Jumatano nikakuita tena, nikakuuliza habari ya mahindi, na mahindi hatujapanda.

Ninaogopa, Adhiambo. Najua hilo neno hujawahi kuliona kwangu. Mimi ndiye nilishuka shimo la Masara tochi ikiwa imekufa, nikaongozwa na harufu ya dhahabu, nikatoka na jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi. Mimi ndiye nilipiga muziki Lambwe mpaka fisi wakatoka mbugani wakakaa mstari kama waalikwa. Lakini hizo ni hadithi. Kila anayezisikia anajua pale zinapoanza kuwa uongo, na wewe mwenyewe nikifika kwa fisi huwa unaniuliza walikuwa wamevaa viatu gani. Uongo wa namna hiyo haumwibii mtu kitu, tunakula nao chakula na kucheka. Nina mwingine ambao hatujaula pamoja. Nimeula peke yangu mwaka mzima.

Ni ule wa arusi ya Masara.

Wacha nianze kidogo nyuma, ili uone nilivyofika pale. Ulipoletwa kwangu ulikuwa na miaka tisa. Baba yako alikuwa ametangulia, mama yako ndio tumetoka kumzika, na wewe homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeshachukua masikio yako tangu ukiwa mdogo wa kubebwa. Watu waliniambia, Okoth, wewe ni mtu wa spika, kazi yako ni kelele, utamfanyia nini mtoto asiyesikia? Nikawajibu kwa majivuno yangu ya kawaida kwamba spika zangu husikika hata na maiti. Nilikuwa nasema tu. Sikuwa najua lolote.

Wewe ndiye ulinionyesha. Siku ya kwanza nilipofungua mitambo uani kujaribu amplifaya mpya, ulikuja ukaweka mikono yote miwili kwenye spika ya besi, kisha shavu, kisha ukavua viatu ukapanda juu yake. Mama yako mdogo akapiga kelele kwamba utavunja. Nikamwambia, mwache. Ulikuwa umefumba macho. Mimi nimepiga muziki miaka ishirini, na sijawahi kuona mtu akisikiliza hivyo.

Mwalimu Rispa wa shule yenu ya viziwi ndiye alinifundisha lugha ya mikono, Jumamosi mchana baada ya kanisa la Sabato. Nilikuwa mjinga. Shule niliachia darasa la saba na vidole vyangu ni vya kushika spana. Lakini nikajua. Halafu wewe na mimi tukatengeneza ishara zetu. Ule ubao niliokupigilia misumari, wa kusimamia, ili besi ipande miguuni. Mimi nakaa kwenye kreti ya soda mbele yako, mkono wa kushoto unapiga mdundo kifuani, wa kulia unakuonyesha ubeti. Ngumi ikifungwa, wimbo umeisha. Kiganja kikilala kifuani, ngoma zimenyamaza, imebaki sauti peke yake, endelea.

Hicho kiganja kikumbuke. Msiba wangu wote uko hapo.

Unajua wenye arusi hawakukutaka katikati, uonyeshe nyimbo za bendi kwa mikono. Walikuwa wamemwona Mwalimu Rispa akitafsiri mahubiri, wakasema huyo asimame pembeni atafsiri nyimbo, inatosha, picha zitatoka vizuri. Mjomba wa bwana arusi, yule mrefu wa koti la kijani, aliniambia, "Bana Okoth, huyo msichana hasikii. Atapotea katikati ya wimbo, atuaibishe." Nikamjibu, "Akipotea, nikateni masikio mumpe yeye." Watu wakacheka, ikapita.

Lakini Mwalimu alinieleza vizuri zaidi, siku mlipokuwa mnafanya mazoezi hapa uani. Aliutafsiri ule wimbo wa bi arusi anayemuaga mama yake, mstari kwa mstari, vizuri kabisa, hata mimi nilifuata. Wewe ukamwambia, "Mwalimu, hayo ni maneno. Mama mwenyewe yuko wapi?" Ukamkalisha, ukasimama. Mwimbaji anasema mama mara tatu. Wewe hukusema hata moja. Ulimwonyesha mama akiinama kuwasha moto, akikufunga kitambaa kichwani, halafu mlango, na mkono wake unaobaki mlangoni. Mama yako mdogo, ambaye haijui hata ishara ya chai, alitoka nje akaenda kulia nyuma ya choo.

Mwalimu akaniambia, "Okoth, mimi nikifanya kazi yangu sawasawa, watu wanakumbuka aliyeimba, wananisahau. Huyu akifanya yake, hawatakumbuka kingine. Usituweke kwa meza moja."

Nilielewa. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua.

Siku ya arusi, kosa la kwanza: ubao niliuacha nyumbani. Nilikuambia umepasuka. Haukupasuka. Nilitaka nafasi kwenye pikapu niweke spika ya nne, watu wa Masara waone mtu mwenye spika nne. Kwa hiyo ulisimama kwenye mchanga na zulia, na mchanga hula besi yote. Ukaniambia miguu yako haipati chochote. Nikakujibu, "Niangalie mimi." Ukasema sawa. Hukusita hata kidogo, na hiyo sawa yako ndiyo inaniamsha mpaka leo.

Beti mbili zilienda. Adhiambo, ulikuwa umewashika. Hata yule wa koti la kijani alikuwa amesahau soda yake mkononi. Tukafika pale ngoma zinanyamaza sauti ibaki peke yake. Nikalaza kiganja. Wewe ukainua uso juu, kama tulivyokubaliana, ukaanza ule mlango.

Na hapo ndipo mtu fulani, mlevi wa kwanza wa mchana, akapaza sauti: "Simamisheni! Nataka kumsifu mwenye mitambo!"

Pakruok wewe unaijua kwa macho. Unaona wapigaji wamekata muziki, mtu ameshika maiki, kifua mbele, watu wanapiga makofi, halafu muziki unarudi. Unajua ni kujisifu na kusifiana, ila huwezi kujua utamu wake. Jina lako likitajwa kwenye spika, ngoma zimesimama kwa ajili yako, damu inapanda kama maji ya moto. Na mimi ni mgonjwa wa hicho kitu. Yule mlevi akanisifu, waliokaa wakaitikia, kiongozi wa bendi akaninyooshea maiki: "Haya, Okoth, jibu!"

Nikaondoka kwenye kreti.

Nilipita nyuma yako. Ulikuwa umeangalia juu, hukuniona. Nikashika maiki nikaanza. Nilisema mimi ni Okoth wa spika nne, radi iliyokataa kwenda mbinguni. Nikasema mnamwona huyu binti? Ni wa ndugu yangu, ni mimi nilimfundisha, bila mimi angekuwa anachunga mbuzi. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikuwa najisifu kupitia wewe, huku mgongo wako uko mbele yangu, na mikono yako inaendelea.

Ulimaliza ubeti. Ukashusha macho kwenye kreti kutafuta ngumi, ukakuta kreti tupu. Niliona mabega yako yakishtuka kidogo. Lakini wewe ni fundi. Ukadhani umekwenda haraka, ukaurudia ubeti kutoka mwanzo. Ukashusha macho tena. Tupu. Ukaurudia mara ya tatu.

Watu walikuwa wanacheka. Mwanzo nilidhani wanacheka maneno yangu, nikaongeza utani. Halafu nikaona macho yao hayako kwangu. Walikuwa wanamcheka msichana anayecheza peke yake muziki ukiwa umesimama. Mwanamke mmoja alikuwa anaiga mikono yako, anamgonga mwenzake.

Sasa sikia hili, kwa sababu ndilo nimeandikia karatasi hii. Nilijua. Hatua nne tu, ningekugusa bega. Au ningemwambia mpiga ngoma piga, na hakuna ambaye angejua lolote. Lakini nilikuwa katikati ya sentensi. Nilikuwa nimebakiza sifa moja, nzuri sana, niliyoitunga njiani. Nikaimaliza kwanza, Adhiambo. Hata leo siikumbuki ilikuwa ipi.

Mwalimu Rispa ndiye alikimbia. Alivuka mbele ya watu wote na viatu vyake vya arusi, akakushika mikono yote miwili. Kabla hujageuka nilikuwa nimeshatupa maiki, nimepiga magoti nyuma ya hema kwenye jenereta, nimeshika spana. Jenereta ilikuwa inanguruma kama kawaida. Mimi ndiye niliizima, sekunde ile, kwa kidole changu. Ulipokuja mbio na uso umelowa, ukanikuta na oili mkononi. Nikakuambia jenereta imezimika, muziki umekatika, nilikimbilia kuiwasha, nisamehe sikuwahi kukuonyesha.

Ukanikumbatia. Ukaniambia, pole, umejiunguza? Kweli nilikuwa nimeungua kidole. Ukakifunga na kitambaa chako cha kichwa.

Hapo nyuma ya hema nilimwangalia Mwalimu, nikamwomba kwa macho. Baadaye nikamwomba kwa mdomo. Akasema, "Mimi hutafsiri, situngi. Hilo ni la kwako. Utalisema wewe." Amenyamaza mwaka mzima, na kila Jumamosi ananisalimia kwa jina langu lote, kama polisi.

Halafu mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu yalikuwa mazuri. Viziwi wenzako walikuwa wananiita kwa ishara ya mdomo unaofunguka na kufungika, na ilinifaa. Baada ya Masara ukanibadilishia jina. Ukanipa ishara ya mkono unaovuta kamba ya jenereta. Nikipita sokoni Migori, kijana kiziwi ananiona kutoka ng'ambo ya barabara, anavuta kamba hewani, anatabasamu. Nami navuta kamba, natabasamu. Narudi nyumbani nimechoka kuliko mtu aliyebeba simiti.

Na kisha ukatunga wimbo wako. Si wa mtu mwingine uliowekwa mikono, ni wako mwenyewe, hauna hata neno moja la mdomo ndani yake. Msichana gizani, watu wanacheka, na mzee mmoja anayekimbia, anaanguka, anaamka, anavuta kamba, anavuta, mpaka mwanga unarudi na mkono wake umeungua. Ulipouonyesha shuleni Kosele, nilikaa nyuma. Mikono yote ikapanda juu ikitikisika, makofi yenu yasiyo na kelele, wengine wakageuka kunitafuta. Nilijifanya nafunga viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Wimbo huo ndio umekufungulia mlango. Kundi la wasanii la Homa Bay limekuchukua kwa huo, na Jumamosi kwenye uwanja wa huko, jukwaani katikati, ndio utaanza nao. Wiki iliyopita ukaja na furaha yote ukaniambia Jumamosi wanahitaji mtu wa kukaa chini ya jukwaa na kukuonyesha ngoma, ukasema, "Nimewaambia ninaye. Sitaki mwingine. Baba mdogo hawezi kuniacha." Nikakuambia nitakuja.

Jana Mwalimu Rispa alikuja hapa ukiwa kwa fundi wa nguo. Hakukaa. Akaniambia wameelewana na waandaaji: safari hii hatasimama pembeni kutafsiria viziwi nyimbo za wanaosikia. Wewe utaonyesha, na yeye atakaa chini na maiki awatafsirie wanaosikia, kwa Kiswahili, kila unachosema.

"Unaelewa maana yake?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Si ni heshima kubwa?"

"Maana yake Jumamosi nitashika maiki mbele ya uwanja mzima niseme kwa sauti yangu kwamba ulikimbia kuleta mwanga. Nitasema, Okoth. Akisema nitasema, hiyo ndiyo kazi yangu, sipunguzi wala siongezi. Lakini sijawahi kutafsiri kitu nilichoona kwa macho yangu kikiwa kinyume."

"Mwambie wewe basi," nikasema.

"Hapana. Na usinitume. Hata wewe ukiniita nikae katikati yenu nitafsiri, sitakuja. Una mikono."

Akaondoka. Nimekuwa na hofu tangu jana kama mtu aliyeambiwa shimo linatitia na bado yuko chini.

Naogopa mambo mengi ya Homa Bay. Naogopa malori yanayoshuka ile barabara, dereva anapiga honi na wewe umempa mgongo. Naogopa waya zilizoachwa wazi jukwaani, kwa maana nazijua, nimeziacha wazi mimi mwenyewe. Naogopa mtu atakayekusifu haraka. Lakini hizo ni hofu za kila mzazi na wewe una akili. Hofu yangu kubwa ni hii: ukienda bila kujua, utatafuta watu wanaofanana na mzee wa wimbo wako, na huyo mzee hayupo. Utampa mtu kazi ya kukuangalia kwa sababu anakupenda. Mimi nakupenda, Adhiambo. Hilo si uongo. Nakupenda sana, na niliondoka kwenye kreti.

Kwa hiyo anayekaa chini yako mchague kwa kitu kingine. Tafuta mtu ambaye akiitwa jina lake hageuki. Mjaribu. Mwambie mtu amwite katikati ya mazoezi, ambebee habari njema, uone kiganja chake kitafanya nini. Mtu mkimya, hata kama hana stori. Mimi nilidhani anayekulinda ni lazima awe na sauti kubwa, na miaka hii yote nilikuwa najiandaa kwa kazi hiyo. Kumbe kazi ilikuwa kukaa.

Na usimame kwenye ubao wako mwenyewe. Nimeutoa stoo, nimebadilisha misumari miwili iliyoota kutu, mzima kabisa. Wakikuambia wanataka nafasi yake kwa kitu kingine, usipande jukwaani.

Wimbo sijui nikuambie nini. Nimekaa hapa nikitaka kukuambia uuache kama ulivyo, kwa kuwa ni mzuri na watu wanaulilia, halafu nikaona ni mimi tena nataka kumaliza sentensi yangu. Ni wako. Ukiutupa, utupe. Ukiubadilisha, nibadilishe kabisa, usinihurumie, Mwalimu atasema vile utakavyoonyesha na safari hii ulimi wake hautakwama. Jina langu la ishara nalo ulinipa wewe. Ukilichukua ni haki yako, nitaitikia lolote utakalonipa.

Nimewaambia watu wa kundi kwa simu kwamba Jumamosi siwezi kukaa pale chini, watafute mtu. Wameuliza kwa nini. Nikasema muulizeni Adhiambo akifika, atakuwa anajua. Ni mara ya kwanza nimeulizwa swali kuhusu mimi nikajibu kwa ufupi.

Karatasi hii naiweka juu ya nguo zako kabla hujafunga begi, utaiona. Pikipiki inakuja kesho saa moja asubuhi. Mimi nitakuwa nimeamka, nitakuwa jikoni na mama yako mdogo. Ukitaka kuingia, mlango hautafungwa. Ukitaka kwenda bila kuniona, ubao nimeshautoa, umelala nje kando ya ukuta, na kandambili zako na mwavuli viko juu yake, ili usilazimike kurudi ndani kwa kitu chochote.

Ni mimi baba yako mdogo,
Okoth